Shirika la umma likiuzwa, Bunge linaingia saa ngapi?

Mtaka_Kujua

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mnisaidie kuelewa kitu kimoja maana kila ninapouliza naishia kupewa siasa. Shirika la umma likitaka kuuzwa, au serikali ikitaka kuuza sehemu ya hisa zake kwa mwekezaji, Bunge letu la Tanzania linaingia saa ngapi? Kuna mahali sheria inasema huo mkataba usisainiwe mpaka wabunge wauone, au kazi yao ni kuletewa taarifa mambo yakishaisha?

Nimekuwa nasoma mambo ya zamani ya ATC (shirika la ndege), TTCL (kampuni ya simu) na reli na kote nakuta mtiririko ule ule. Mwekezaji anapokelewa kwa mbwembwe, miaka inakatika, wabunge wanakuja juu, kamati inaandika ripoti yenye maneno mazito, serikali inarudisha hisa zake na maisha yanaendelea. Sehemu ambayo kamati ilisimama ikasema jamani subirini kwanza, kabla wino haujakauka, sijaiona. Labda sijasoma vizuri, labda ndo utaratibu wenyewe ulivyo. Na hizi kamati za Bunge, PAC ya hesabu za serikali na PIC ya uwekezaji wa mitaji ya umma, nazo zinanichanganya, nani anashika nini? Mambo ya chama gani kafanya nini tuyaweke pembeni kidogo, nataka kujua mtambo wenyewe unavyofanya kazi.

Kifungu63

Kwa uuzaji wa hisa wa kawaida, hakuna hatua ya lazima ya kulipeleka dili lenyewe bungeni likapigiwe kura. Ngoja nieleze kwa nini.

Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote kwa niaba ya wananchi. Inasomeka vizuri sana. Ila ukishuka kwenye 63(3) ukaangalia limepewa nini cha kufanyia hiyo kazi, unakuta kumuuliza waziri swali, kujadili utekelezaji wa wizara wakati wa bajeti, kutunga sheria, na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake yenyewe inahitaji kuridhiwa. Hapo pa mwisho ndo penye kila kitu. Mkataba wa nchi na nchi unaingia. Mkataba wa kuiuzia kampuni fulani asilimia 49 za shirika ni wa kibiashara, hauna sharti hilo, kwa hiyo haulazimiki kupita mlango huo. Angalia lile suala la bandari na kampuni ya DP World ya Dubai: makubaliano ya Tanzania na Dubai yaliletwa bungeni tarehe 10 Juni 2023 yakaridhiwa siku hiyo hiyo, lakini mikataba ya utekelezaji, ambayo ndo ina hesabu na miaka na nani anafanya nini, ilisainiwa Oktoba 2023 pale Ikulu Chamwino na haikupitia kura ya namna ile. (Bandari haikuuzwa, najua, msinirukie, naitaja kwa sababu mlango ni ule ule.)

Enzi za ubinafsishaji mkubwa hali ilikuwa hivi. Sheria ya Mashirika ya Umma ya 1992 na marekebisho ya 1993 ndo yalizaa PSRC, Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Mashirika kama 400 hivi. Bunge likipitisha sheria ile lilishatoa ruhusa ya jumla, baada ya hapo kila shirika lilikuwa linaamuliwa kati ya tume, wizara na Baraza la Mawaziri. Pale tu shirika lilipohitaji kubadilishwa umbo kisheria ndo muswada ulikuwa unarudi Dodoma, mfano Sheria ya Reli ya 2002 iliyoleta RAHCO ya kushika miundombinu ili uendeshaji apewe mtu mwingine. Wabunge walijadili fremu. Mkataba wenyewe wa TRL (Kampuni ya Reli Tanzania) na RITES ya India ulikuja 2007, miaka mitano mbele, na huo sio wao walioujadili.

Kuhusu kamati: PAC inashika ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), yaani hesabu zilizokwisha kukaguliwa, maafisa masuuli wanaitwa kujibu hoja. PIC iliundwa 2015 kushika uwekezaji wa mitaji ya umma, mashirika yanaleta faida au hayaleti, gawio liko wapi, inafanya kazi karibu sana na Msajili wa Hazina, anayesimamia hisa za serikali. Kabla yake palikuwa na POAC, kamati ya hesabu za mashirika ya umma, toka 2008 chini ya Zitto Kabwe, ikaja kufutwa 2013 kazi zake zikapelekwa PAC. Kwa hiyo ukiuliza nani anashika mauzo ya hisa, jibu la kweli ni kwamba PIC anaweza kuuliza wakati wowote na PAC anasubiri CAG aandike.

Na CAG anaandika lini? Ripoti inakwenda kwa Rais mwisho wa Machi, inawekwa mezani bungeni ndani ya siku saba toka kikao kianze, kamati inaichambua miezi mingine huko mbele. Kama hisa ziliuzwa mwaka wa fedha uliopita, mpaka mbunge asimame kuijadili mnunuzi ameshabadilisha rangi ya magari na menejimenti yote.

Ngoswe_wa_Mjini

Mnazunguka bure. Hata mkiweka sheria kwamba kila mkataba upelekwe bungeni, utapitishwa kwa ndiyooo asubuhi na mapema kabla ya chai. Huyo mwenye 63 hapo juu ametoa mfano mwenyewe, umeletwa siku hiyo ukaridhiwa siku hiyo. Sasa mlango umesaidia nini?

Mzee_wa_Leja

Ngoswe una hoja lakini kuna kitu kinapotea mkijadili kura tu. Mimi nilikuwa uhasibu kwenye shirika moja ambalo silitaji, nikiwepo toka wathamini walipokuja mpaka mwekezaji alipokabidhiwa funguo, na naweza kusema shirika haliuzwi siku ya kusaini mkataba. Linauzwa siku ya kuandika rejesta ya mali.

Wathamini walikuja na karatasi zao za kubandika namba, tukazunguka nao. Sasa vitabu vyetu vilikuwa na boila moja ya zamani ambayo uchakavu wake ulikwisha kuandikwa wote, kwa hiyo kwenye leja ilikuwa inasoma shilingi moja. Shilingi moja! Boila yenyewe iko pale inawaka kila siku, ndo iliyokuwa inaendesha nusu ya kiwanda. Ardhi ilikuwa imeandikwa kwa bei tuliyopewa miaka ya sabini. Nyumba za wafanyakazi nyingine hazikuwemo kabisa kwa sababu hati zilikuwa na jina la wizara, stoo ya vipuri ilihesabiwa kwa mafungu kwamba hili chakavu hili zima, na aliyekuwa anasema chakavu alikuwa ni fundi mmoja na kijana wa wathamini aliyekuwa amechoka na jua. Upande wa madeni ndo usiseme, tulikuwa tunadaiwa michango ya pensheni, na sisi tunazidai taasisi nyingine za serikali pesa ambazo kila mtu alijua hazitalipwa lakini kwenye vitabu zilikuwa zimesimama kama mali.

Kamati ya Bunge ilikuja kututembelea, ilikuwa ziara nzuri tu, wakavalishwa kofia ngumu wakazungushwa. Makabrasha waliyopewa tuliyaandaa sisi: historia ya shirika, picha, changamoto, faida zinazotarajiwa. Rejesta haikuwemo. Maswali karibu yote yakawa juu ya mafao ya wafanyakazi, na sio kwamba ni swali baya, wale watu walikuwa wanapiga kura majimboni kwao. Ila alikuwepo mama mmoja wa viti maalum hakuongea muda mrefu, akauliza tu, hati ya kiwanja hiki iko wapi naomba niione. Kimya. Menejimenti ikaangaliana, ikajibiwa kwamba iko benki. Akauliza imefuata nini benki. Ikajibiwa kwamba suala hilo litaletewa maelezo ya maandishi. Kama yaliletwa mimi sijui, wakati huo mazungumzo na mnunuzi yalikuwa yanaendelea Dar na sisi wadogo tulikuwa tunasikia kwenye redio.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi saa ya Bunge kuingia ni pale. Kabla ya bei. Mbunge anayesubiri mkataba anakuta kila namba imeshakaa mahali pake na mwanasheria wa serikali ameshaipigia mhuri. Ni kuuza gari bila kufungua boneti halafu unaulizwa mbona umepata bei ya skrepa.

Mwananchi_254

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Niongeze ya kwetu Kenya maana sisi tuna sheria inayoleta wabunge mapema kidogo na bado vita haviishi.

Bunge la Taifa lilipitisha sheria mpya ya ubinafsishaji 2023, mwezi wa kumi na moja serikali ikatoa orodha ya kampuni 11 za kuuzwa, KICC (ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi), Kenya Pipeline ya mafuta, Kenya Literature Bureau ya vitabu, New KCC ya maziwa na wenzao. Watu wakaenda kortini, chama cha ODM kikiwa mbele. Tarehe 24 Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaitupa hio sheria nzima kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vile katiba inataka, na KICC ikasemwa ni turathi ya taifa. Yaani wabunge walikuwa wamepitisha sawasawa, kura ziko, sahihi ya rais iko, na bado ikaanguka. Ikabidi waanze upya, na 2025 Bunge lilipojadili kuuza asilimia 65 ya Kenya Pipeline kupitia soko la hisa, ilikuja kama waraka rasmi wa serikali, kamati ikazunguka kuchukua maoni, halafu ndio ikapigiwa kura. Sisemi walifanya vizuri. Nasema kuna karatasi, na hio karatasi unaweza kwenda nayo kwa jaji.

Lakini ile ambayo mnafaa kuisoma ni ya kampuni ya simu ya Safaricom na Mobitelea. Kabla ya hisa kuuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi tano tano, Kamati ya Uwekezaji wa Umma ya bunge letu ilikuwa imeandika 2007 kwamba kuna kampuni inaitwa Mobitelea iliyopata sehemu ya hisa na hakuna anayejua wenyewe ni kina nani, imesajiliwa huko Guernsey. Waliita watu, wakauliza, majina hayakupatikana. Hisa ziliuzwa hivyo hivyo, watu wakapanga foleni.

Halafu kampuni ya simu ya Telkom Kenya. Hii ni kinyume, serikali ndio ilikuwa inanunua. Agosti 2022 siku chache kabla ya uchaguzi, hazina ililipa shilingi bilioni 6.09 kununua asilimia 60 kutoka kwa wawekezaji wa Helios, wakitumia Ibara ya 223 ya katiba ambayo inaruhusu kutumia pesa kwanza halafu unaenda Bunge kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Wabunge wapya walivyoingia wakaanza kuuliza dharura ilikuwa gani. Maswali moto moto kabisa, kamati ikawaita wakubwa wa hazina mmoja mmoja. Pesa ilikuwa imetoka kitambo.

Mtaka_Kujua

Asanteni sana, hii ya boila nimecheka halafu nikaacha kucheka. Sasa nina la nyongeza. Kila wabunge wakidai mkataba wanaambiwa ni siri ya biashara, mshindani ataona, mwekezaji atakimbia. Kuna ukweli wowote hapo au ni kisingizio tu? Na Kifungu63, TTCL hujaigusa, naomba uifungue maana nilisikia mpaka Airtel ikaingizwa humo nikashindwa kuunganisha.

Kifungu63

Siri ya biashara ipo, ila ina kipimo. Wakati wa zabuni, bei ya chini ambayo serikali iko tayari kuikubali haifai kutangazwa, hapo hata mimi ningeificha, maana ukiitangaza hakuna atakayelipa zaidi. Mkataba ukishasainiwa kilichobaki cha kuficha ni kidogo sana, labda teknolojia na orodha ya wateja. Bei, masharti ya kuwekeza, nani anabeba madeni, mwekezaji akishindwa anatokaje, hivyo sio siri ya mtu, ni mali ya aliyeuza, ambaye ni sisi. Na kamati inaweza kukaa kikao cha faragha ikasoma nakala humo ndani bila kutoka nayo. Utaratibu wa namna hiyo unajulikana, tatizo ni hamu.

Kumbuka yaliyotokea Agosti 2007. Zitto alipeleka hoja bungeni ya kutaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi ambao waziri aliusaini London, akaishia kusimamishwa yeye ubunge mpaka mwaka unaofuata. Ule ni mgodi sio shirika, lakini ujumbe ulifika kwa kila mbunge aliyekuwa anafikiria kuulizia mkataba. Baadaye mambo yalilegea, 2008 ikaja ripoti ya mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond na Waziri Mkuu akajiuzulu, 2014 PAC ikaja na ripoti ya pesa za akaunti ya Tegeta Escrow na mawaziri wakaondoka, kwa hiyo asikwambie mtu Bunge letu halijawahi kung'ata. Linang'ata. Zote mbili pesa zilikuwa zimeshatembea.

Sheria za 2017 za maliasili zilifungua kidogo, mikataba ya rasilimali asilia inatakiwa ifikishwe bungeni na Bunge linaweza kutaka masharti yenye hila yajadiliwe upya. Hiyo ni kwa madini, gesi na vinavyofanana na hivyo. Benki, kiwanda au shirika la simu haviko humo.

Sasa TTCL. 2001 serikali iliuza asilimia 35 kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 120, watu wakapiga makofi. Walilipa milioni 60. Nusu iliyobaki ilifungwa na hesabu za kampuni, zikikaguliwa zikionekana sawa na zilivyosemwa ndo ilipwe, na hesabu zilipokaguliwa ikaanza kesi ya madeni ya wateja yasiyolipika, mnunuzi akasema kampuni mliyoniuzia siyo hii mliyoniambia. Unaona Mzee_wa_Leja anachosema? Vitabu. Kama kuna kamati ingekaa chini mwaka 2000 ikasema tuleteeni orodha ya wadaiwa wa TTCL na umri wa kila deni, ile nusu ya pili ingejadiliwa vingine kabisa, au bei yenyewe isingetangazwa kwa tarumbeta.

Airtel inaingiaje: TTCL ile ya ubia ilianzisha kampuni ya simu za mkononi, Celtel Tanzania, 2001. 2005 ikatenganishwa na mama yake. Celtel ikawa Zain ikawa Airtel, ikakua, na TTCL ikabaki na waya na madeni. Mwaka 2016 serikali ilinunua zile asilimia 35 za TTCL, ambazo zilikuwa zimefika mikononi mwa Bharti Airtel, kwa shilingi bilioni 14.9, halafu mwaka uliofuata likaibuka dai kwamba Airtel Tanzania yenyewe ilikuwa mali ya TTCL toka mwanzo na ilichukuliwa kwa taratibu zisizo sawa, mazungumzo yakaenda mpaka Januari 2019 wakakubaliana hisa za serikali Airtel zipande toka asilimia 40 kufika 49. Swali la kamati hapo lilitakiwa kuulizwa 2005: mnapomtoa mtoto kwenye kampuni ambayo sisi tuna asilimia 65, bei yake ni ngapi na nani kaithamini? Tulikuwa na wingi wa hisa, jamani. Hatukuwa wachache mezani.

Soko_Huria

Naona mnaimba wimbo mmoja. Mbona hamtaji yaliyokwenda vizuri? Kampuni ya Sigara ilipata mbia 1995, ile ya bia 1993, zote zikaanza kulipa kodi ambayo mwanzo ilikuwa ndoto, na zikaja kuorodheshwa soko la hisa la Dar. Benki ya NMB 2005 ziliuzwa asilimia 49 kwa kundi la Rabobank, 2008 ikaingia DSE, serikali imebaki na karibu asilimia 32 na kila mwaka inapokea gawio bila kuchangia hata kalamu. Watu wale wale walikuwa wanapiga kelele bungeni kwamba benki ya makabwela inauzwa. Mngewasikiliza leo tungekuwa tunaichangia mtaji kwenye bajeti.

Kila dili likipelekwa bungeni kwa kura litachukua miaka, kila mbunge ataomba tawi jimboni kwake kama sharti, wanunuzi makini watakwenda nchi nyingine na mtabaki na wanunuzi wa kubahatisha. Hata Uingereza hawapigi kura ya bei. Walipouza Royal Mail Oktoba 2013 kwa peni 330 kwa hisa, siku ya kwanza tu ikafunga peni 455, kelele zikapigwa, mkaguzi mkuu wao akaandika ripoti Aprili 2014 akisema serikali ilikuwa na tahadhari iliyopitiliza. Imeuzwa kwanza, imekaguliwa baadaye. Ndo dunia ilivyo.

Kifungu63

Soko_Huria, NMB nakupa, na ile ya hisa kwenda DSE ndo ilisaidia hata uchunguzi wenyewe, maana kampuni iliyoorodheshwa inalazimika kuchapisha hesabu zake, mbunge hahitaji kuomba kabrasha. Mimi sitaki kura ya bei. Nataka mbunge akae na kitabu kabla.

Na mfano wako wa Royal Mail umeukata katikati. Miezi sita. Kutoka mauzo mpaka ripoti ya mkaguzi ni miezi sita, na alikuwa na ushauri wote waliopewa mawaziri, nani aligawiwa hisa na aliuza lini, kamati zikawaita washauri wa benki wakajibu hadharani. Sisi dili la TTCL la 2001 tulikuwa bado tunalisuluhisha 2019.

Mzee_wa_Leja

Na mimi niseme kwa Soko_Huria kwamba sikatai kuuza, kiwanda chetu kilikuwa hakilipi mishahara kwa wakati na kama kisingeuzwa kingefungwa tu. Ninalolilalamikia ni kwamba kila mtu anaangalia siku ya kuuza na hakuna anayeangalia mwaka wa pili.

Chukua reli. RITES walipewa asilimia 51 za TRL 2007, mkataba wa miaka 25, serikali ikabaki na 49. Haukupita muda wafanyakazi wakagoma kwa ajili ya mishahara na serikali ikatoa pesa za kuwalipa, yaani mwenye hisa chache analipa mshahara kwa niaba ya mwenye hisa nyingi. Injini na mabehewa mengine yakawa ya kukodi kutoka India. Kufika 2011 serikali ilikuwa imeshazirudisha hisa. ATC ndo kabisa, Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilichukua asilimia 49 mwisho wa 2002 kwa dola milioni 20, serikali ikazirudisha 2006. Na hisa zile zilikuja na hasara iliyokuwa imelimbikizwa.

Katika mikataba ile huwa kuna kiambatisho cha mpango wa uwekezaji, mwaka wa kwanza mnunuzi analeta hiki, wa pili anakarabati hiki. Kwetu kilikuwepo, nimekiona kwa macho, na hakuna mtu aliyewahi kuja na kile kiambatisho mkononi akasema nionyeshe mashine namba nne. Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji sheria mpya wala kura, unahitaji mbunge aje bila taarifa ya wiki mbili na bila kofia ngumu mpya.

Ngoswe_wa_Mjini

Bila taarifa? Na posho ya safari ataisaini nani?

Mwananchi_254

Ngoswe hapo umemaliza 😂 kwetu huwa wanasaini hata wasipoenda.

Lakini swali kwa Kifungu63, huko kwenu CAG anaruhusiwa kuingia kwa kampuni kama serikali imebaki na hisa chache? Kwetu hiyo ni vita kila mara, kampuni ikiuzwa tu chini ya nusu wanasema mkaguzi wa serikali hana biashara hapo, wana wakaguzi wao. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mjadala wa Pipeline, kwamba serikali ikibaki na 35 bunge linapoteza macho.

Kifungu63

Umegusa penyewe. Serikali ikishuka chini ya nusu, kampuni inakuwa na wakaguzi wake wa nje na bodi yake, kinachobaki cha kufuatilia moja kwa moja ni ile sehemu yetu: hisa ngapi, gawio kiasi gani, mwakilishi wetu kwenye bodi ni nani na alipiga kura gani. Hiyo inapita kwa Msajili wa Hazina na PIC inaweza kumwita yeye. Kwa hiyo mbunge mwenye akili hapigani kuiita menejimenti ya kampuni, anamwita mjumbe wetu wa bodi. Yule hana pa kukimbilia, kateuliwa na serikali, na kama mtoto wa kampuni anauzwa kwa bei ya chee yeye alikuwepo kwenye kikao.

Hili kwa maoni yangu lingeandikwa kwenye mkataba wa mauzo kabisa, kwamba mpaka masharti ya uwekezaji yatimizwe CAG anaweza kuja kuangalia utekelezaji wake. Mnunuzi mwenye nia hatalikataa. Atakayelikataa ametusaidia kumjua mapema.

Mtaka_Kujua

Nimepata zaidi ya nilichouliza, shukrani kwenu wote. Sasa nataka kwenda kusoma mwenyewe, nianzie wapi? Hansard ziko kwenye tovuti ya Bunge naona, ila ni bahari.

Mzee_wa_Leja

Hansard waachie kwanza, utasoma makofi na kicheko kurasa mia. Chukua ripoti ya CAG ya mashirika ya umma, ile ya peke yake, iko kwenye tovuti yao na inatoka na Kiswahili. Usianzie mbele. Nenda kwenye sehemu ya ufuatiliaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma, kuna jedwali linasema lipi limetekelezwa, lipi linaendelea kutekelezwa, lipi halijaguswa. Chagua shirika moja tu, ufungue ripoti za miaka kama minne mfululizo uzipange pembeni, uangalie lile pendekezo linalohusu hati za ardhi limesogea toka safu ipi kwenda ipi. Ukiona limekaa pale pale na shirika hilo limetajwa magazetini kwamba linatafuta mbia, mpigie mbunge wako.

Soko_Huria

Na ukimkosa?

Mzee_wa_Leja

Mpigie yule wa viti maalum.